Orodha ya watoa mada huanza na kamati

"Tulitafuta wanawake, hawakupatikana."

Mimi ni mtaalamu wa mikrobiolojia, na nimekaa kwenye kamati za maandalizi ya makongamano muda wa kutosha kulizoea jibu hili. Hutolewa kila orodha ya watoa mada inapotoka ikiwa na majina ya wanaume watupu. Wanaolitoa si watu wabaya, na wengi wao wanaliamini kabisa. Lakini sisi ni wanasayansi. Dai likishatolewa tunalipima, na hili limeshapimwa.

Twende Tübingen, Ujerumani, mwaka 2011. Wataalamu wa mageuko ya viumbe wa Ulaya walifanya kongamano lao kubwa huko, na safari hiyo kila ikisiri, yaani muhtasari wa utafiti, iliyotumwa ilikubaliwa kuwasilishwa. Baadaye wenzao wakaketi kuhesabu. Kati ya wawasilishaji wote, wanawake walikuwa asilimia 46. Kati ya waliotoa mada za kawaida mbele ya hadhira, asilimia 41. Kati ya watoa mada waalikwa, wale ambao waandaaji wa vikao waliwateua kwa majina na kuwaandikia barua, wanawake walikuwa asilimia 15 tu. Wanawake hao walikuwa kwenye jengo lilelile, na kazi zao mkononi. Walipungua pale tu ambapo watu wachache walikaa na kuulizana, "Tumwalike nani?"

Mada ya mwaliko ina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Inaandikwa kwenye wasifu wa kazi, inasomwa na kamati ya kupandisha vyeo, na mara nyingi mazungumzo ya chai baada yake ndiyo yanayozaa mradi wa pamoja. Aliyesikika mwaka huu ndiye anayekumbukwa mwakani, kwa hiyo aliyerukwa mara moja ni rahisi kurukwa tena.

Jibu la kwanza likishindwa huja la pili: fani yenyewe ina wanawake wachache. Hilo lina ukweli ndani yake. Takwimu za UNESCO zinaonyesha kuwa wanawake ni takriban theluthi moja ya watafiti duniani. Haya, tuchukue chini kidogo, tuseme asilimia 30, kisha tupige hesabu. Kamati inachagua watoa mada kumi bila kuangalia jinsia kabisa. Uwezekano kwamba mmoja atakuwa mwanamume ni 0.7. Uwezekano kwamba wote kumi watakuwa wanaume ni 0.7 ikizidishwa yenyewe kwa yenyewe mara kumi, ambayo ni 0.028, chini ya makongamano matatu katika kila 100. Upande wa pili wa hesabu hiyohiyo ndio hausemwi. Uwezekano wa kupata wanawake watano au zaidi kati ya hao kumi ni kama asilimia 15. Kwa maneno mengine, kama majina yangekuwa yanachotwa kwa bahati tu, kwa kila kongamano moja la wanaume watupu tungeona kama matano ambayo nusu au zaidi ya watoa mada ni wanawake. Umewahi kuyaona hayo matano? Mimi sijayaona. Mwanahisabati Greg Martin wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, alitumia hoja ya aina hii kuyachunguza makongamano ya fani yake, na tangu niisome sijaweza kuitazama ratiba ya mkutano kama zamani. Katika fani hiyo hiyo, Emmy Noether alitoa hotuba kuu kwenye Kongamano la Kimataifa la Wanahisabati jijini Zürich mwaka 1932. Mwanamke wa pili kupewa nafasi hiyo alikuwa Karen Uhlenbeck, jijini Kyoto, mwaka 1990. Katika miaka hiyo 58 wanahisabati wanawake walikuwepo: alikuwepo Olga Ladyzhenskaya, alikuwepo Mary Cartwright.

Sasa nije nyumbani, kwenye mikrobiolojia, maana huku tunacho kisa cha ugonjwa na cha tiba pia. Wanamikrobiolojia Arturo Casadevall na Jo Handelsman walichambua vikao 460 vya mikutano miwili mikubwa ya Chama cha Mikrobiolojia cha Marekani, vyenye watoa mada 1,845. Hawakuanza kwa kuuliza wanawake wako wapi. Waliuliza nani aliyekiandaa kikao. Vikao ambavyo timu ya waandaaji ilikuwa na angalau mwanamke mmoja vilikuwa na uwiano wa watoa mada wanawake uliozidi kwa asilimia 72 ule wa vikao vilivyoandaliwa na wanaume peke yao, na vikao vya wanaume watupu vilipungua. Matokeo haya yalichapishwa mwaka 2014. Miaka miwili kabla, watafiti wa nyani na sokwe, fani iliyojaa wanawake tangu Jane Goodall alipopiga kambi Gombe mwaka 1960, walikuwa wameona jambo hilo hilo: kwenye vikao vilivyoandaliwa na wanaume, wanawake walikuwa waandishi wa kwanza, yaani wenye jina linalotangulia kwenye kazi, wa asilimia 29 ya mada, vilivyoandaliwa na wanawake, asilimia 64, vilivyoandaliwa kwa pamoja, asilimia 58.

Aliyewahi kukaa kwenye kamati anajua kinachotokea. Mwenyekiti anauliza, "Mnapendekeza nani?" na watu wanajibu kutoka kichwani. Kichwani kuna uliosoma nao, aliyekusimamia uzamivu, mliyeandika naye makala, mliyekaa meza moja kwenye mkutano uliopita. Ndani ya robo saa majina yanatosha, kila mtu anaridhika kwa sababu wote wanaotajwa ni wazuri kweli, na mjadala unahamia kwenye ukumbi na chakula. Hakuna aliyemkataa mwanamke yeyote. Hakuna hata aliyetajwa ili akataliwe.

Ila tusiwe wepesi wa kuhitimisha. Takwimu za Casadevall na Handelsman zinaonyesha uhusiano, si chanzo. Huenda wanawake huandaa zaidi vikao vya matawi yenye wanawake wengi. Tena kuwa mwanamke hakumwondolei mtu upendeleo. Handelsman huyohuyo alikuwa miongoni mwa watafiti waliowapa maprofesa 127 wa sayansi maombi ya kazi yanayofanana neno kwa neno, mengine yakiwa na jina John na mengine Jennifer. John alionekana mwenye uwezo zaidi na alipendekezewa mshahara mkubwa zaidi, na maprofesa wanawake walimpendelea sawa na wanaume. Kwa hiyo, kwa maoni yangu, faida ya mwanamke kwenye timu si kwamba ana macho safi. Ni kwamba anakuja na watu wengine kichwani.

Chama cha Mikrobiolojia cha Marekani kiliyafanyia kazi matokeo ya Casadevall na Handelsman. Kamati ya programu ilionyeshwa takwimu zake yenyewe, wanawake wakaongezwa kwenye timu za waandaaji, na waandaaji wakaambiwa waziwazi wajitahidi kuepuka vikao vya wanaume watupu. Kwenye mkutano mkuu wa mwaka 2015, asilimia 48.5 ya mada zilitolewa na wanawake. Mambo hayo matatu yalifanyika kwa pamoja, kwa hiyo huwezi kupima lipi lilifanya kazi kubwa zaidi. Lakini idadi ya wanamikrobiolojia wanawake haikuumbwa upya katika miaka michache ile. Walikuwepo.

Kuna hoja moja ya waandaaji ambayo naiheshimu: wanawake wakialikwa hukataa zaidi. Tübingen ilikuwa hivyo kweli. Nusu ya wanawake walioalikwa walikataa, wakati kwa wanaume ilikuwa asilimia 26. Utafiti mwingine, wa semina za vyuo vikuu 50 vya Marekani mwaka 2013 na 2014, haukuona tofauti hiyo, ingawa wanaume walikuwa bado wanapewa nafasi zaidi. Nadhani jibu liko kwenye safari. Semina ni safari fupi. Kongamano linakutoa nyumbani wiki nzima. Kwetu ongeza barua ya mwaliko inayofika mwezi mmoja kabla, kibali cha mwajiri, foleni ya viza, nauli unayotakiwa kuitanguliza mfukoni mwako ndipo urudishiwe, na mtoto anayenyonya. Mwanamke akisema "siwezi" hapo, asiandikwe kuwa hakutaka. Mwaliko utumwe mapema. Tiketi inunuliwe na waandaaji. Ukumbi uwe na chumba cha kunyonyeshea, na msaidizi anayekuja kumbeba mtoto alipiwe malazi. Na akikataa, orodha ya akiba nayo iwe na wanawake, maana nimeona orodha nzuri zikiharibikia kwenye majina ya akiba.

Jambo jingine ni la huku kwetu hasa. Tazama ratiba ya kongamano lolote utakalohudhuria Afrika Mashariki na uangalie wanawake wamewekwa wapi. Mshereheshaji, mwanamke. Katibu wa kikao anayeandika kumbukumbu, mwanamke. Neno la shukrani, mwanamke. Kisha taarifa inaandikwa kuwa wanawake walishiriki kikamilifu. Naomba tuhesabu wanaosimama na data zao, na kusherehesha kuhesabiwe kando.

Mwenyekiti wa kikao naye ana kazi yake. Utafiti wa semina 247 katika nchi 10 ulikuta kwamba mwanamke aliyeketi ukumbini ana uwezekano mdogo mara mbili na nusu kuuliza swali kuliko mwanamume, na pengo lilikuwa kubwa zaidi pale swali la kwanza lilipoulizwa na mwanamume. Basi, mwenyekiti, usimpe nafasi ya kwanza ya kuuliza yule profesa ambaye mkono wake huwa juu kabla mada haijaisha.

Ndugu zangu wanaume mnaoalikwa kila mara, Francis Collins, akiwa mkurugenzi wa taasisi za taifa za afya za Marekani, alitangaza Juni 2019 kwamba hatakubali mialiko ya majopo yasiyowapa wanasayansi wa makundi yote nafasi ya haki. Mnaweza kuanza na ombi dogo zaidi: omba uone orodha kabla ya kusema ndiyo. Na kamati ikikwambia haina majina, yapo. Taasisi ya AWARD ya Nairobi imekuwa ikiwalea watafiti wanawake wa kilimo barani Afrika tangu 2008. Shirika la OWSD, lenye makao Trieste, Italia, limewakusanya wanawake wanasayansi wa nchi zinazoendelea tangu 1987. Zipo pia ikisiri za mkutano wenu wenyewe wa mwaka uliopita, ambazo kwa kawaida hakuna anayezifungua tena.

Kwenye kila kamati ninayokaa sasa naomba ripoti ya mwisho ichapishe namba tatu: wanawake wangapi walialikwa, wangapi walikubali, wangapi walipanda jukwaani. Ya kwanza ikiwa ndogo, tatizo liko kwenye majina tuliyotaja. Ikiwa kubwa na ya pili ndogo, tuangalie tarehe ya barua zetu, nauli na watoto. Ya tatu ikipungua baada ya wanawake kukubali, tumtafute aliyebadilisha ratiba.