Elektroliti Zenye Nguvu na Elektroliti Dhaifu: Maswali na Majibu

Elektroliti yenye nguvu hutofautianaje na iliyo dhaifu?

Elektroliti ni kitu ambacho kikiyeyuka katika maji hutoa ayoni, yaani chembe zenye chaji, zinazoyawezesha maji hayo kupitisha umeme. Chumvi ya mezani ina nguvu kwa sababu ikiyeyuka huachana yote kuwa ayoni za sodiamu na kloraidi. Asidi ya siki ni dhaifu: katika mmumunyo (maji yenye kitu kilichoyeyuka ndani yake) wa moli 0.1 kwa lita, moli ikiwa kipimo cha wingi wa chembe, takriban molekuli 1 tu kati ya 100 ndiyo hutengana. Glukosi huyeyuka vizuri bila kutoa ayoni yoyote, hivyo si elektroliti.

Je, "dhaifu" maana yake ni salama?

La, na kosa hili linaweza kugharimu maisha. Asidi hidrofloriki ni dhaifu kikemia, lakini hupenya ngozi, hunasa kalsiamu ya mwili na huweza kuua. Ilhali asidi hidrokloriki, yenye nguvu, imo tumboni mwetu kila siku. Nguvu inayozungumziwa hapa ni kiwango cha kutengana, wala si ukolezi, yaani wingi wa kitu kilichoyeyushwa katika maji, kwani chumvi iliyotiwa maji mengi haigeuki kuwa elektroliti dhaifu.

Zinatambuliwaje maabara?

Huandaliwa mimumunyo yenye ukolezi sawa, kisha hupimwa kwa betri na balbu: iliyo dhaifu huwasha balbu kwa mwanga hafifu. Ukolezi usipokuwa sawa, jibu halina maana.

Mgonjwa wa kuharisha anahitaji zipi?

Lita 1 ya ORS, yaani maji ya chumvi na sukari anayonyweshwa mgonjwa wa kuharisha, kwa fomula iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani tangu 2002, ina gramu 2.6 za kloraidi ya sodiamu, 1.5 za kloraidi ya potasiamu, 2.9 za sitrati ya sodiamu na 13.5 za glukosi. Chumvi zote tatu ni elektroliti zenye nguvu. Glukosi imo kwa sababu husaidia utumbo kufyonza sodiamu, na maji huifuata, kwa hiyo pakiti ichanganywe na kiasi kile kile cha maji kilichoandikwa juu yake.

Zilizo dhaifu zina kazi gani mwilini?

Asidi kaboniki, pamoja na bikaboneti (ayoni inayobaki asidi hiyo inapotoa ayoni ya hidrojeni), huidhibiti damu ibaki kwenye pH, yaani kipimo cha uasidi, ya 7.35 hadi 7.45. Kwa kuwa asidi hiyo haitengani yote, mfumo huo huweza kupokea ayoni za hidrojeni zinapozidi na kuzitoa zinapopungua. Kuharisha sana humaliza bikaboneti na kuifanya damu iwe na asidi zaidi, na ndiyo sababu sitrati, ambayo mwili huigeuza kuwa bikaboneti, imewekwa katika ORS.