Ekseli ya nyuma ya mtumba kwa Mustang ya zamani: ninavyoichagua

Theluji inapoyeyuka hapa Ohio na wenye Mustang za miaka ya 1960 wanapoyatoa magari yao gereji, swali linalonifikia mara nyingi kuliko yote ni kama wanunue ekseli ya Ford ya inchi 9. Kazi yangu ya kila siku ni ekseli na difu, yaani gia za katikati ya ekseli zinazogawa nguvu ya injini kwa tairi mbili za nyuma, na jibu langu kwa walio wengi ni hapana. Kwa gari la kutembelea barabarani lenye injini ya V8 ya inchi za ujazo 289 au 302 iliyoongezwa nguvu kwa kiasi, ekseli ninayoitafuta kwanza katika yadi za magari yaliyochakaa ni ile ya inchi 8.8 iliyofungwa kwenye Ford Explorer za mwaka 1995 hadi 2001. Hata hivyo si kila moja inafaa, na nimeona fedha nyingi zikipotea kwa sababu mnunuzi alitazama kibati cha reshio, yaani idadi ya mizunguko ya propela kwa mzunguko mmoja wa tairi, akasahau kutazama hafu shafti, vile vyuma viwili virefu vinavyotoka kwenye difu kwenda kuzungusha tairi.

Namba hizi za inchi zinataja kipenyo cha krauni, yaani ile gia kubwa ndani ya difu inayozungushwa na pinioni, gia ndogo iliyoungwa na propela. Mustang za mwanzo zenye injini ya silinda sita zilitoka kiwandani na krauni ya inchi 7.25, zenye V8 za kawaida zilipewa ya inchi 8, na zile zenye 289 ya nguvu za farasi 271, pamoja na zilizofungwa injini kubwa za 390 na 428, zilipewa ya inchi 9. Mwenye V8 isiyoguswa na ekseli ya inchi 8 iliyo nzima huwa namwambia aiache ilivyo, abadilishe oili na sili, na fedha zake azitie kwenye breki. Haja ya kubadilisha huja pale injini inapoongezwa nguvu, tairi zinaposhika lami vizuri zaidi, na mwenye gari anapoanza kuachia klachi kwa nguvu kwenye taa.

Sifa za ekseli ya inchi 9 ni za kweli. Ilitengenezwa tangu 1957 hadi 1986, difu yake yote hufunguliwa kwa mbele na kutolewa kama kipande kimoja, pinioni yake imeshikwa na beringi pande zote mbili za meno, na hafu shafti zake hazishikiliwi na klipu ndani ya difu bali na bamba lililofungwa kwa bolti mwishoni mwa bomba la ekseli. Lakini pinioni hiyo imekaa chini sana ukilinganisha na kitovu cha krauni, kwa hiyo meno huteleza zaidi yanaposukumana, na sehemu ya nguvu ya injini hugeuka joto ndani ya oili. Tena nyingi zilizobaki kwenye yadi zilitoka kwenye malori madogo ya F-150 au kwenye Bronco, nazo ni pana mno kwa Mustang na bolti zake za tairi zimepangwa kwenye duara la inchi 5.5, wakati rimu za Mustang zinataka inchi 4.5. Utalazimika kukata mabomba na kununua hafu shafti mpya pande zote mbili. Ukifika hapo umelipa bei ya ekseli mbili.

Ekseli ya Explorer inakuja na karibu kila kitu ambacho Mustang inakihitaji. Bolti zake tano za tairi zimepangwa kwenye duara lile lile la inchi 4.5. Hafu shafti zake zina meno 31 badala ya 28 ya Mustang za kawaida za miaka ya 1980 na 1990, kwa hiyo ni nene na zinastahimili kusokotwa. Mabomba yake ni mapana zaidi kuliko ya Mustang hizo, na kuanzia 1995 imefungwa breki za diski, na viatu vidogo vya hendibreki vimejificha ndani ya diski zenyewe. Udhaifu wake mkubwa ni kwamba hafu shafti imeshikiliwa ndani ya difu na klipu yenye umbo la herufi C. Shafti ikikatika, hakuna kingine kinachoizuia kutoka pamoja na tairi. Kwa gari la mtaani shafti ya meno 31 haikatiki ovyo, lakini anayekusudia mashindano ajue kwamba kanuni za NHRA, chama cha mashindano ya magari ya robo maili cha Marekani, zinadai njia nyingine ya kuzuia shafti pamoja na shafti zisizo za kiwandani kwa gari linalomaliza robo maili kwa sekunde 10.99 au pungufu. Mtu wa namna hiyo namrudisha kwenye inchi 9 bila kusita.

Upana ndio unaoamua kama kazi itakuwa ya siku moja au ya wiki nzima. Hupimwa kutoka uso wa habu ya kushoto, pale rimu inapolala, hadi uso wa habu ya kulia. Mustang za 1965 na 1966 zina inchi 57.25, za 1967 hadi 1970 zina 59.25, na za 1971 hadi 1973 zina 61.25. Ekseli ya Explorer ina takriban inchi 59 na nusu na kidogo zaidi, kwa hiyo kwenye gari la 1967 hadi 1970 tofauti haifiki nusu inchi, na rimu za kawaida huingia bila kusugua fenda. Kwenye gari la 1965 au 1966 ekseli hiyo hiyo huisukuma kila tairi nje kwa zaidi ya inchi moja, na ukingo wa fenda utaikata tairi mara ya kwanza utakapopita tuta ukiwa na abiria nyuma.

Dawa yake iko ndani ya ekseli yenyewe. Pinioni ya Explorer haikukaa katikati. Imesogea upande wa kulia, na kwa sababu hiyo bomba na hafu shafti ya kushoto ni ndefu kuliko ya kulia kwa karibu inchi 3. Ukikata bomba la kushoto kwa kiasi hicho, ukalichomelea tena likiwa limenyooka, kisha ukanunua hafu shafti nyingine ya kulia kutoka Explorer ya pili, unapata ekseli yenye shafti mbili zinazolingana, pinioni iliyokaa karibu katikati, na upana mdogo kidogo kuliko ule wa kiwandani wa Mustang ya 1965 au 1966. Ni hesabu nzuri sana, lakini kukata na kunyoosha bomba kunataka mwenye chombo cha kulishika na mwenye kupima unyoofu kwa kipimo chenye uso wa saa. Bomba lililopinda hata kidogo huharibu beringi na sili kabla ya mwaka kuisha.

Sasa tuingie yadi. Kibati kidogo kilichofungwa kwenye bolti ya mfuniko wa difu huandikwa reshio, na ikiwa difu ina klachi ndani za kuzuia tairi moja kuzunguka peke yake, herufi L huingia katikati ya tarakimu: 3L73 maana yake ni 3.73 yenye klachi. Kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, chini ya neno la ekseli, alama D4 husema jambo hilo hilo. Visome vyote viwili, kisha usiviamini mpaka umehesabu. Niliwahi kuletewa ekseli iliyonunuliwa kwa mtu binafsi, imepakwa rangi nyeusi vizuri, kibati kinasema 3L73. Nilizuia habu moja, nikazungusha nyingine mizunguko miwili kamili huku nikitazama alama ya chaki kwenye flanji ya pinioni, pale propela inapofungwa, nayo ikazunguka mara tatu na robo tu badala ya kukaribia mara tatu na robo tatu. Tulipofungua mfuniko tukakuta krauni ya meno 36 na pinioni ya meno 11, yaani 3.27, na hakukuwa na klachi ndani. Kibati kilikuwa kimehamishwa kutoka ekseli nyingine. Tangu siku hiyo, silikoni mpya kwenye mfuniko wa ekseli ya mtumba ni sababu ya mimi kuufungua hapo hapo yadini.

Kufungua kwenyewe hakuchukui muda mrefu. Weka karai chini, legeza bolti kumi za mfuniko, na acha ya juu ikiwa imeshika kidogo ili mfuniko usidondoke. Oili nyeusi yenye unga laini wa chuma unaong'aa kama wino wa fedha ni ya umri tu. Oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa imeingia maji, na maji yakikaa miezi kadhaa kwenye yadi huacha mstari wa kutu juu ya beringi za krauni. Vipande vya chuma unavyoweza kuviokota kwa kidole maana yake ni meno yaliyovunjika au beringi iliyomeguka, na hapo fungasha spana zako uende kwenye gari linalofuata.

Ukiridhika na difu, toa hafu shafti. Fungua bolti ndogo inayozuia pini ya katikati, kwa upole, maana imetiwa gundi ya kuizuia isilegee na hukatika ikilazimishwa. Chomoa pini, sukuma shafti kuelekea ndani, klipu ya C itaanguka mkononi mwako, kisha vuta shafti nje polepole. Hapa ndipo ninapotumia muda wangu mwingi kuliko mahali pengine popote. Kwenye ekseli hii beringi ya nje haina ringi ya ndani, na roli zake hukimbia moja kwa moja juu ya chuma cha shafti, kwa hiyo shafti yenyewe ni nusu ya beringi. Futa sehemu hiyo kwa kitambaa, ielekeze kwenye mwanga, na pitisha ukucha juu ya ule utepe unaong'aa. Ukucha ukiteleza, shafti ni nzima. Ukikwama kwenye vishimo au kwenye mfereji, beringi mpya utakayoweka itaanza kunguruma baada ya muda mfupi. Rangi ya bluu maana yake chuma kilipata joto kali kwa kukosa oili. Zipo beringi za kurekebishia zinazosogeza roli hadi sehemu ya shafti isiyochakaa, lakini kwa gari lililoongezwa nguvu mimi sizitumii. Natafuta shafti nyingine.

Kuhusu reshio, usichukue kubwa kwa sababu tu gari litaruka vizuri. Kwa tairi yenye kipenyo cha inchi 26 na giaboksi ambayo gia yake ya juu ni moja kwa moja, mwendo wa maili 65 kwa saa, yaani karibu kilomita 105, huizungusha injini takriban mara 2,750 kwa dakika ukiwa na 3.27, mara 3,130 ukiwa na 3.73, na mara 3,440 ukiwa na 4.10. Anayesafiri mbali na giaboksi ya zamani ya gia nne atachoshwa na kelele za 4.10 mapema. Aliyefunga giaboksi ya T5 yenye gia ya tano ya 0.68 anaweza kufurahia 3.73 bila gharama hiyo, kwa sababu injini itashuka hadi karibu mizunguko 2,130.

Kwa uchomeleaji, sahani za springi za Explorer hukatwa zote na mpya huwekwa kwa umbali wa inchi 43 kati ya vitovu vyake, ambao ndio umbali wa springi za Mustang. Zishikize kwa nukta chache tu kwanza. Gari likiwa limekaa juu ya uzito wake, pima mwelekeo wa giaboksi: ikiwa inaelekea chini nyuzi 3, pinioni iliyo sambamba nayo ingeinuka nyuzi 3, lakini mimi huiweka kwenye nyuzi 1, kwa sababu springi hujisokota gari linapovutwa kwa nguvu na pinioni hupanda yenyewe. Ukimaliza kupima, toa shafti na sili, na uchomelee vipande vifupi ukibadilisha upande, ili joto lisilipinde bomba. Propela nayo itahitaji krosi ya kuunganisha na flanji ya Explorer, na mara nyingi itabidi ipunguzwe urefu.

Breki zinasahaulika kuliko kitu kingine chochote, nazo ndizo zinazonitia wasiwasi zaidi. Mustang za 1965 na 1966 zina masta silinda ya njia moja, na mtu asifunge diski za nyuma kwenye gari ambalo mpasuko mmoja wa bomba huondoa breki zote. Weka masta silinda ya njia mbili, ondoa valvu inayobakiza presha kwenye mstari wa nyuma, maana iliwekwa kwa ajili ya dramu na kwenye diski hufanya pedi ziburute, na funga valvu ya kurekebisha presha ya nyuma. Kisha nenda kwenye eneo pana lisilo na magari, funga breki kwa nguvu ukiwa mwendo mdogo huku mwenzako akitazama kutoka pembeni, na punguza presha ya nyuma mpaka tairi za mbele ndizo zinazogoma kwanza.