Sing'oi Maikrofoni ya Mtu Tena

Juma lililopita asubuhi, manyunyu bado yanaanguka, mama mmoja aliingia kibandani kwangu ninapotengeneza simu hapa Mwanjelwa, Mbeya. Nikampa shikamoo, akaitikia, akaiweka simu mezani. Kwenye tundu la chini ilikuwa imebandikwa selotepu. "Mwanangu, nakuomba uning'olee maiki. Hii simu inanisikiliza."

Huyo ni wa nne mwaka huu. Wawili nilibishana nao wakaondoka wamenuna. Mmoja nilimng'olea kweli, kwa sababu alikuwa amesimama juu yangu na kazi za watu zimejaa mezani. Nilikosea. Nilichukua hela yake nikamrudishia simu mbovu na hofu ileile aliyokuja nayo. Sitarudia, na ndiyo maana naandika.

Kisa cha mama kilikuwa hivi. Mchana alikaa na jirani yake huko Uyole wakaongea habari za mbolea ya viazi. Jioni mjukuu wake kakamata simu anacheza gemu la magari, mara tangazo la mbolea hilo hapo. Mama hakuwa ameandika neno mbolea popote. "Sasa nani kaiambia?"

Swali ni zuri sana. Kinachoniumiza ni kwamba watu wakishajijibu "maiki" wanaacha kutafuta, na mlango wenyewe unabaki wazi usiku na mchana.

Habari ya maiki niimalize upesi. Simu nyingi ninazofungua zina maiki mbili: moja chini kwenye bodi ndogo ya chaji, nyingine juu, ya kupunguza kelele. Ukiing'oa ya chini, mtu ukimpigia hakusikii, lakini ya juu ipo palepale. Selotepu nayo haizuii sauti, inaififisha tu. Halafu piga hesabu ya bando. Sauti iliyobanwa vizuri, tuseme kilobiti 16 kwa sekunde, inakula kama MB 7 kwa saa. Saa 24 ni zaidi ya MB 170, na mwezi unafika GB 5. Mama ananunua bando la MB chache kwa wiki. Angeshaona limekauka Jumatatu.

Mafundi wengi wanaishia hapo, wanapiga meza, wanasema haiwezekani. Mimi siwezi kusema hivyo, maana hesabu ya bando peke yake haitoshi. Simu inaweza kutambua neno humo humo ndani na kutuma alama ndogo tu badala ya sauti nzima. Msaidizi wa sauti unayemwita kwa kutamka jina lake anafanya kazi namna hiyo, anategea jina lake muda wote, na huwa anakosea. Mwaka 2019 ilijulikana kwamba wafanyakazi wa Apple, Google na Amazon walikuwa wanasikiliza baadhi ya rekodi za wasaidizi hao, zikiwamo zilizonaswa msaidizi alipoamka bila kuitwa. Januari 2025 ilijulikana kwamba Apple wamekubali kulipa dola milioni 95 kumaliza kesi kuhusu jambo hilo, ingawa walikana kosa.

Na magemu nayo yamo. Mwishoni mwa 2017 gazeti la The New York Times liliandika juu ya programu ya kampuni iitwayo Alphonso, iliyokuwa ndani ya magemu zaidi ya 250 ya Android. Ilitumia maiki kutambua matangazo ya televisheni iliyowashwa sebuleni, ili kampuni ijue familia ile imeona tangazo gani. Kampuni ilisema hairekodi mazungumzo ya watu. Lakini angalia iliingiaje: iliomba ruhusa, na mtu akabonyeza "Ruhusu" ili gemu lifunguke. Hakuna aliyevunja dirisha hapo.

Kwa hiyo anayesema "haijawahi kutokea" anadanganya, na anayesema "simu zote zinasikiliza kila neno" hana ushahidi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Northeastern kule Boston walipima programu zaidi ya 17,000 za Android, wakatoa matokeo mwaka 2018. Hawakukuta inayowasha maiki kwa siri na kutuma sauti. Walichokikuta ni programu zilizokuwa zinarekodi kioo, yaani unachobonyeza na unachoandika, na kupeleka video yake kwa kampuni nyingine. Hakuna mteja hata mmoja aliyewahi kuja kuniuliza habari ya kioo.

Sasa tuje kwenye mlango wenyewe. Dalali wa mpunga hahitaji kujibanza chini ya dirisha lako kule Mbarali asikie unachomwambia mkeo. Anajua mvua ilinyesha lini. Anajua majirani zako wamevuna. Anajua Januari ada ya mtoto inakungoja. Akija kukupa bei siku ileile uliyoamua kuuza, utadhani ana mchawi. Hana mchawi, ana taarifa za kijiji kizima na wewe ni mwanakijiji.

Gemu la bure linafanya hivyohivyo kwa mwendo wa kasi. Ikifika nafasi ya tangazo, nafasi ile inanadiwa palepale, mnada mzima ukiisha ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde hivi. Ili wanunuzi wajue wanagombea macho ya nani, yanatumwa maelezo: aina ya simu, lugha, anwani ya mtandao, mahali ulipo kama uliruhusu, na kitambulisho cha matangazo. Hicho ni msururu wa alama 32 uliomo kwenye simu yako, ambao gemu hili na programu ya tochi na ile ya hali ya hewa zote zinausoma uleule. Kwa msururu huo wanaunganisha vipande vilivyotoka sehemu tofauti na kupata mtu mmoja.

Naomba msomaji atulie hapa, maana hapa ndipo ninapokosa usingizi. Kwenye mnada huo anashinda mmoja, lakini maelezo wanapelekewa wote waliokuja kunadi. Aliyeshindwa anaondoka bila nafasi, lakini ameshajua simu ile ipo wapi na saa ngapi. Akitaka kukusanya, anakusanya. Zipo kampuni ambazo mtaji wao ni kuuza mahali watu walipo. Mmoja wa wauzaji hao, Gravy Analytics wa Marekani, alidukuliwa Januari 2025, na kwenye vilivyomwagika hadharani yalikuwamo majina ya maelfu ya programu, Candy Crush mojawapo. Gemu la kupanga peremende, jamani! Tochi nazo hazijasalimika: mwaka 2013 mamlaka ya biashara ya Marekani, FTC, iliishitaki kampuni ya programu moja ya tochi iliyopakuliwa mara mamilioni kwa kupeleka mahali pa watumiaji kwa watangazaji bila kuwaambia ukweli.

Turudi Uyole. Huu ni msimu, mvua za kwanza zimeanza. Muuza mbolea yeyote mwenye akili atalipia matangazo kwa simu zote za ukanda huu. Jirani huenda alitafuta bei ya mbolea kwenye simu yake asubuhi ile, na simu mbili zinazokaa nyumba jirani kila siku zinajulikana kuwa ni majirani. Namba ya mama imo kwenye orodha za majina za watu wasiopungua mia, na wengi wao walishairuhusu programu fulani isome orodha yote, kwa hiyo yeye anaweza kukataa kila kitu na bado akajulikana. Tena tangazo lile huenda lilikuwa linapita wiki nzima na macho hayakuligusa mpaka siku lilipolingana na maongezi. Hili la mwisho watu hawapendi kuambiwa, wanaona unawaita wajinga. Si ujinga. Macho ya kila mtu yako hivyo, yangu pia.

Ni njia ipi kati ya hizo ilileta tangazo kwa mama? Siwezi kuthibitisha, na fundi atakayekuambia anaweza, mwombe akuonyeshe. Ninachojua ni kwamba zipo njia nne zilizo wazi kabla hujaifikia maiki.

Nilimfungulia Mipangilio, kisha Faragha. Kuanzia Android 12 ya mwaka 2021 kuna dashibodi inayoonyesha nani ametumia nini na saa ngapi, na maiki au kamera ikiwaka kinatokea kitone cha kijani juu ya kioo. Maiki ilikuwa imetumiwa na simu yenyewe na WhatsApp, basi. Mahali palikuwa pametumiwa na gemu la magari asubuhi, mchana na jioni. Gemu la magari linataka nini na ramani ya Uyole? Nikalinyima mahali na orodha ya majina. Mjukuu akalijaribu, likacheza vilevile. Kisha nikafuta kitambulisho cha matangazo, bandua selotepu, kazi ikaisha. Dakika sita.

Wenye kuniambia wanatumia dirisha la siri la kivinjari (incognito): hilo linaficha historia kwa mwenzako anayeazima simu, si kwa tovuti unayoitembelea. Sitalirudia.

Ila kuna jambo nalisema kwa uchungu. Mama alinipa simu na karatasi yenye namba ya siri ya kuifungulia, na pembeni mchoro wa kufungulia WhatsApp, ili nisimsumbue kumuuliza. Wote wanafanya hivyo. Wanaiogopa kampuni iliyoko ng'ambo, halafu picha za watoto, meseji na hata PIN ya pesa wanamkabidhi kijana wasiyemjua jina. Nimefanya kazi chumba kimoja na fundi aliyekuwa anaangalia picha za wateja, na nilinyamaza muda mrefu kuliko nilivyopaswa. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, lakini mezani kwa fundi sheria ni wewe kukaa hapo hapo mpaka simu ifungwe. Kama ni kioo kubadilisha tu, usimpe namba ya siri. Nikishabadilisha, utafungua mwenyewe mbele yangu tupime.

Jumatano mama alirudi. Nikaona uso wake nikajua bado. Matangazo ya mbolea yamekoma, alisema, sasa simu inamtangazia tiketi za boti ya Zanzibar, na yeye hajamwambia mtu kwamba ana safari, wala hana.

Nikavuta stuli akae. Simu ikinyimwa mahali, nikamweleza, wanabaki na anwani ya mtandao, na anwani za mitandao yetu mara nyingi zinasomeka kama za Dar es Salaam. "Wanadhani uko Dar, mama." Akaitazama simu, akanitazama mimi, akauliza kama selotepu yake bado ninayo.