Akaunti binafsi ni baraza, duka liwe na mlango wake

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwafundisha wafanyabiashara wadogo wa Dar es Salaam namna ya kuuza mtandaoni, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni kama inafaa kutangaza biashara kwenye akaunti ambayo mtu huitumia kuwasiliana na ndugu na marafiki. Inafaa, na kwa anayeanza bila fedha za matangazo sijaona njia iliyo bora zaidi. Lakini akaunti hiyo ibaki baraza la kupokelea watu, na duka lenyewe liwe na mlango wake.

Nguvu ya akaunti binafsi ni kufahamiana. Anayeuza vitenge Kariakoo amezungukwa na wenzake wengi wenye mzigo unaofanana na bei zinazokaribiana. Kinachomfanya mtu aliyeko Mbeya amtumie fedha kabla ya kuushika mzigo ni kwamba walisoma pamoja, au wanasali pamoja, au alimwona akimuuguza mama yake. Imani ya namna hiyo hainunuliwi kwa tangazo la kulipia, ndiyo maana huniuma kuona inavyotumiwa ovyo: picha 30 za bidhaa kwenye stetasi ya WhatsApp kila asubuhi bila neno lolote, mpaka rafiki anazizima kimyakimya, na aliyezizima hakuambii.

Mama mmoja muuza vitenge alinijia akiwa amefika hapo. Nilimshauri abakize picha mbili au tatu kwa siku, na kila moja aiandikie maelezo ya mtu anayeijua kazi yake: namna ya kutambua kitenge ambacho rangi imeshika pande zote mbili, kama yadi 6 zitatosha gauni na kilemba, kipi kifuliwe peke yake. Nilisisitiza pia aandike bei, kwa sababu ile desturi ya kumwambia mteja aifuate bei faragha humfanya ahisi kwamba atapangiwa kulingana na uso wake. Baada ya wiki chache walianza kumwandikia watu waliokuwa kimya kwa mwaka mzima.

Hata hivyo, baraza lina ukubwa wake. Facebook huruhusu marafiki 5,000 tu kwa akaunti ya mtu, na ili kulipia tangazo kwa kawaida unahitaji kuwa na ukurasa wa biashara. Akaunti ya kawaida iliyofunguliwa kwa jina la duka badala ya jina la mtu huenda kinyume cha masharti yao na inaweza kufungwa pamoja na wateja wote waliomo. Stetasi ya WhatsApp, kwa upande wake, huonekana tu kwa mliohifadhiana namba, kwa hiyo kila anayenunua aombwe kuihifadhi namba yako siku hiyohiyo. Programu ya WhatsApp Business, ambayo ilitoka mwaka 2018 na hailipiwi, huweza kukaa kwenye simu ileile kwa laini nyingine, ikiwa na orodha ya bidhaa na majibu yaliyoandaliwa mapema.

Mama yule aliahirisha kununua laini ya pili mpaka alipofiwa na kaka yake. Aliweka picha ya marehemu kwenye Facebook, na katikati ya salamu za pole mteja akauliza kama mzigo mpya umefika. Mteja hakuwa na ubaya, kwani kwake akaunti ile ilikuwa duka tangu siku ya kwanza. Kisha, kwa kuwa oda zilizokwisha kulipiwa zilikuwa zinasubiri, mama akamwachia msaidizi wake simu alipokwenda msibani, na pamoja na oda binti yule akasoma mazungumzo ya familia kuhusu deni la hospitali na mirathi. Mama aliponisimulia alilia, nami nikajilaumu kwa kutomhimiza mapema.

Tulianza kuhama wiki ileile. Laini ya duka ilinunuliwa, ukurasa ukafunguliwa, na wateja wakajulishwa mmoja mmoja kwa ujumbe wenye majina yao. Picha za wateja waliovaa nguo zao hatukuzihamisha bila idhini ya kila mmoja: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilikwisha kuanza kutumika, na hata isingekuwapo, mtu aliyekutumia picha yake kama rafiki hakukupa ruhusa ya kuibandika dukani. Wawili walikataa, tukazifuta.

Arobaini ilipofika, mama alisafiri kwenda Lindi na simu yake ya kawaida. Kwenye akaunti yake aliweka picha za dua na za jamaa waliohudhuria, na chini yake watu waliandika pole tu. Oda za siku hiyo zilijibiwa Kariakoo.