Pedi nyeusi: lehemu inaposhika juu na kuachia chini

Pedi nyeusi ni kasoro ya bodi za saketi zilizopakwa nikeli na dhahabu. Chipu iliyolehemiwa vizuri kwa kuitazama hubanduka bodi inapopinda kidogo au kifaa kinapoanguka, na pale ilipokuwa imeshika hubaki pedi bapa yenye rangi ya kijivu kilichoiva au nyeusi. Lehemu yote imeondoka na chipu. Anayelaumiwa kwanza ni aliyelehemu, na mara nyingi anaonewa, kwa sababu ubovu uliingia katika kiwanda cha bodi kabla hata lehemu haijayeyushwa.

Tuanze na pedi yenyewe. Ni kipande kidogo cha shaba ambacho mguu wa chipu hukalia. Shaba ikiachwa wazi huungana na oksijeni ya hewani, na lehemu haipendi kushika hapo. Kwa hiyo kiwanda huifunika. Wapo wanaoichovya katika lehemu ya moto na kupuliza iliyozidi, njia ya zamani inayoacha uso wenye vilima. Wapo wanaotumia utando mwembamba wa kikaboni, au fedha, au bati. Bodi zenye chipu ndogo ndogo hupewa zaidi nikeli na juu yake dhahabu, kwa kuwa uso wake hulala sawasawa na bodi inaweza kukaa ghalani miezi mingi bila kuchakaa.

Wengi hudhani lehemu hushika dhahabu. Haishiki. Dhahabu hiyo ni nyembamba kiasi kwamba huyeyukia ndani ya lehemu kwa muda usiofika sekunde moja, ikatawanyika. Kinachobaki mbele ya lehemu ni nikeli. Bati iliyomo ndani ya lehemu hukutana na nikeli, zikaungana kuwa tabaka jipya jembamba, na tabaka hilo ndilo kiungo chenyewe. Dhahabu ilikuwepo kulinda nikeli isiharibike hadi siku ya kulehemu, basi.

Sasa angalia dhahabu inavyofika pale juu. Haipakwi kwa umeme. Bodi huchovywa katika myeyusho wenye chumvi ya dhahabu: atomi za nikeli hutoa elektroni na kuingia majini, dhahabu huzipokea elektroni hizo na kukaa mahali pa nikeli iliyoondoka. Kila dhahabu inayotua imelipiwa kwa nikeli. Kwa kiasi kidogo hilo halina neno. Lakini myeyusho ukiwa mkali mno, au bodi ikicheleweshwa ndani yake, au nikeli yenyewe ikiwa imeota vibaya, nikeli huliwa kupita kiasi, hasa kwenye mifereji kati ya vinundu vyake.

Tena nikeli hii si tupu. Ina fosforasi, mara nyingi kati ya asilimia 7 na 10 kwa uzito, iliyotoka kwenye kemikali iliyoiotesha juu ya shaba. Nikeli inapoliwa, fosforasi hubaki nyuma na kurundikana. Ule weusi ni uso huo ulioliwa na kujaa fosforasi, na juu yake dhahabu inang'aa kama kawaida. Ni sawa na kupaka rangi ukuta wenye chumvi: siku ya kwanza unapendeza.

Hapa ndipo wanunuzi wa bodi hujidanganya kwa kudai dhahabu nene. Kiwango cha IPC-4552, yaani kanuni za chama cha viwanda vya elektroniki kuhusu upako huu, kilichotoka mwaka 2002 kilitaka nikeli ya mikromita 3 hadi 6 na dhahabu isiyopungua mikromita 0.05. Marekebisho ya mwaka 2017 yakaweka na kikomo cha juu cha dhahabu, mikromita 0.1. Sababu ni ile ile: kupata dhahabu nene kwa njia hii ni kuiacha bodi izidi kuliwa. Kwa maoni yangu kikomo hicho kilistahili kuwepo tangu mwanzo.

Si kila kiungo kilichoachia ni pedi nyeusi. Kama lehemu haikuwahi kusambaa, imebaki donge na dhahabu bado inaonekana kandokando yake, tazama kwanza joto, uchafu au flaksi (kemikali inayosafisha uso wakati wa kulehemu) iliyochoka. Kama pedi imeng'oka pamoja na kipande cha bodi, kiungo kilikuwa imara na nguvu iliyokivuta ilikuwa kubwa mno. Pedi nyeusi hudanganya kwa sababu lehemu inaweza kusambaa vizuri, bodi ikafaulu vipimo vya umeme, kisha ikavunjikia mikononi mwa mteja. Uthibitisho hupatikana maabara: dhahabu huondolewa kwa kemikali na uso wa nikeli kutazamwa kwa hadubini ya elektroni, ambako huonekana nyufa kama za tope lililokauka, au bodi hukatwa na kung'arishwa ubavuni, zikaonekana ncha nyeusi zimechimba ndani ya nikeli.

Kuongeza joto na flaksi hakuponyi kitu, kwa kuwa ubovu uko kwenye nikeli. Pedi kubwa fundi anaweza kuikwangua hadi shaba na kuipaka lehemu upya. Chini ya chipu yenye mamia ya vijipira vya lehemu kazi hiyo haina matumaini, na bodi nyingine za shehena ile ile zinapaswa kushukiwa pia. Ukiikuta kasoro hii, usiisugue pedi wala kuiongezea lehemu. Ipige picha, tenga bodi ambazo bado hazijalehemiwa kutoka shehena hiyo, na zipeleke maabara pamoja na iliyovunjika. Bodi tupu ndiyo itakayoonyesha kama nikeli ilikuwa imeliwa kabla ya oveni yako ya kulehemu kuigusa.