Shingo ikivunjika, eksirei haisemi yote

Kijana ameanguka kutoka juu ya mfenesi, kichwa kimetangulia. Eksirei inaonyesha pingili moja ya shingo imepasuka, na kipande cha mfupa kimeingia kidogo kwenye mfereji wa ugwe wa mgongo, ile kamba ya neva inayopita ndani ya pingili. Kidogo tu, lakini miguu haisogei. Ndugu zake wanauliza: mbona?

Jibu limo katika dakika ambayo hakuna aliyepiga picha. Tena si dakika. Ni chini ya sehemu moja ya 50 ya sekunde. Kichwa kimeshagota chini, kiwiliwili bado kinashuka, shingo iko katikati. Pingili hupasuka kabla misuli haijawahi kukaza. Kipande cha mfupa huruka ndani, huuponda ugwe ambao hauzidi unene wa kidole cha mwisho, kisha kano, nyuzi zinazofunga pingili pamoja, hukirudisha nyuma. Mashine ya hospitali hukikuta kimesharudi.

Wakati huo uliopotea ndio sisi watafiti tunaoutafuta kwa kompyuta. Tunachukua picha za shingo, tunaigawa vipande vidogo maelfu kwa maelfu, na kila kipande tunakipa tabia yake: ugumu wa mfupa, mnyumbuko wa diski zilizo kati ya pingili, maji yanayouzunguka ugwe. Kisha shingo hiyo ya kompyuta, yaani modeli, tunaiangusha, tunaipinda, tunaivuta, na hakuna anayeumia.

Kilicho kigumu kuigiza ni ugwe wenyewe. Ukibanwa polepole huvumilia. Ukipigwa ghafla hukakamaa na kuchanika. Ndiyo maana mgonjwa wa TB ya uti wa mgongo anaweza kubanwa ugwe kwa muda mrefu huku bado anatembea, ilhali abiria wa boda aliyepata ajali anaweza kupooza papo hapo. Mwelekeo nao una uzito. Pingili ikiteleza juu ya mwenzake huubana ugwe kama mkasi, na madhara huenea juu na chini ya pale ilipoteleza.

Modeli hizi zina upungufu: vipimo vingi vimetoka kwa watu wazima, na mtoto si mtu mzima aliyepunguzwa.

Hata hivyo jambo moja liko wazi. Kano zikishakatika, pingili iliyoteleza inaweza kuteleza tena. Majeruhi akiketishwa kwenye boda katikati ya watu wawili, kichwa kikining'inia, anayepumua anaweza kufika hapumui, kwa kuwa neva za kiwambo, msuli wa kupumulia, hutoka kwenye ugwe wa shingoni. Kama moto au magari hayamtishii, mwacheni alale. Mmoja ashike kichwa kwa mikono miwili kisicheze, wengine watafute ubao, hata mlango.