Eti mabibi zetu hawana historia?

Hapa Bagamoyo ukimuuliza mtu ukoo wake atakutajia baba, babu, mpaka babu wa babu, ila ukigusa upande wa mabibi utasikia "aah, wanawake hawakuandikwa popote". Si kweli bana, wameandikwa sana tu, sema tunatafuta pasipo.

Anzia kwenye mirathi. Sheria ya Kiislamu inampa mke, mama na binti fungu lake (mke, marehemu akiwa ameacha watoto, ni thumuni, yaani 1/8), kwa hiyo kama familia ina karatasi ya mgao wa shamba la minazi au nyumba, hao wanawake wanatajwa, hawakwepeki. Na mwanamke wa Kiislamu wa pwani akiolewa kwa kawaida habadilishi jina, anabaki binti fulani, maana yake jina lake moja linakupeleka moja kwa moja kwa baba yake, kitu ambacho wenzetu huko Ulaya wanahangaika nacho kweli kweli coz bibi zao wengi walichukua majina ya waume.

Wenye asili ya waliokombolewa utumwani wasisahau misheni ya Kikatoliki iliyoanza hapa 1868, ilikomboa na wasichana pia, ulizia vitabu vya ubatizo. Halafu Wazaramo na Wakwere, si zamani ukoo ulifuata mama? Sasa huyo babu unayemng'ang'ania peke yake wa nini.

Na bibi aliye hai muulize amerithi jina la nani, nani alikuwa somo wake unyagoni, na umrekodi kwenye simu leo leo.